Kutoka ugonjwa wa Mobutu hadi kipimo cha PSA: historia ya protini inayoonyesha njia ya kansa ya prostati

Mwezi wa nane mwaka 1996, rais wa Zaire, Mobutu Sese Seko, alipasuliwa mjini Lausanne, nchini Uswisi. Ugonjwa wake ulikuwa kansa ya tezi dume, ile ambayo hapa Kivu wengi huita prostati. Miezi miwili baadaye vita vya AFDL vilianza mashariki mwa nchi. Goma ilianguka tarehe 1 mwezi wa kumi na moja, na rais alikuwa bado Ulaya akijiuguza. Alirudi Kinshasa tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili. Alipokutana na Laurent-Désiré Kabila ndani ya meli Outeniqua, mbele ya Nelson Mandela, mwezi wa tano 1997, mwili wake ulikuwa umekwisha dhoofika. Tarehe 7 mwezi wa tisa mwaka huo alifariki mjini Rabat, Moroko, akiwa na miaka 66.

Wakaaji wa Masisi na Walikale, waliokuwa wameonja vita tangu 1993, walifuata habari hizo redioni. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi kusikia jina la ugonjwa huo likitajwa hadharani. Lakini ugonjwa wenyewe haukuwa wa marais. Ulikuwa, na bado ni, ugonjwa wa baba na babu wa kila kijiji, Buleusa ikiwemo. Swali ambalo waganga wamehangaika nalo kwa karibu miaka 90 ni hili: je, damu ya mwanaume inaweza kusema mapema ugonjwa huu utaelekea wapi?

Prostati ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mwaka 1853, daktari mpasuaji John Adams wa London alieleza kansa ya tezi hiyo baada ya kuiangalia kwa hadubini. Aliona kuwa ni ugonjwa adimu sana. Siku hizo wanaume wengi walikufa kabla ya kufika uzee, na hapakuwa na kipimo chochote cha kuutambua ndani ya mtu aliye hai. Aliyelalamika mgongo aliambiwa ni baridi au uzee.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa miaka ya 1930. Watafiti waligundua kuwa prostati ina kwa wingi enzimu iitwayo asidi fosfatasi, ambayo ni aina ya protini. Mwaka 1938, Alexander na Ethel Gutman wa New York walionyesha kuwa protini hiyo hupanda katika damu ya wagonjwa ambao kansa yao imeingia mifupani. Kwa mara ya kwanza, damu ilitoa ushahidi juu ya tezi iliyofichika.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1941, Charles Huggins na Clarence Hodges wa Chicago waliutumia ushahidi huo. Waliwatoa wagonjwa korodani ili kukata homoni ya kiume inayolisha kansa hiyo. Kiwango cha protini kikashuka, na maumivu ya mifupa yakapungua. Baada ya muda, ugonjwa uliporudi, kiwango kilipanda tena. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Somo lililobaki ni kwamba mganga anaweza kufuata safari ya kansa kwa kuhesabu protini: ikishuka, tiba inafanya kazi, ikipanda, hatari inarudi. Kasoro ya kipimo hicho ilikuwa moja, lakini kubwa. Kilipiga kelele wakati moto ulikuwa umekwisha shika nyumba.

Hapo ndipo PSA inapoingia. Mwaka 1970, Richard Ablin na wenzake walieleza kuwepo kwa antijeni za pekee katika tezi ya prostati. Mwaka 1979, kikosi cha T. Ming Chu, katika taasisi ya Roswell Park mjini Buffalo, Marekani, kilifaulu kuitenga na kuisafisha protini moja na kuipa jina linalofupishwa PSA. Mwaka uliofuata ilipatikana katika damu ya wagonjwa. Mwaka 1986, mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kipimo hicho kwa kazi moja tu: kuwafuatilia wanaume ambao tayari wana kansa. Mwaka 1987, Thomas Stamey na wenzake wa Stanford walionyesha kuwa PSA huongezeka kadiri ugonjwa unavyoenea, na kwamba ni ushahidi bora kuliko ule wa zamani. Mtu aliyeondolewa prostati yote anapaswa kubaki karibu bila PSA. Ikianza kupanda, ni ishara kuwa kansa inarudi, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya mgonjwa kusikia maumivu.

Kwa hiyo Mobutu alipopasuliwa, kipimo hiki kilikuwa na miaka kumi hospitalini. Tangu 1994 kiliruhusiwa Marekani hata kwa kutafuta kansa ndani ya watu wasio na dalili. Na hapo ndipo makosa yalipoingia.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. PSA hutengenezwa na prostati yenyewe, yenye afya au yenye ugonjwa. Hupanda mzee anapokuwa na uvimbe wa kawaida wa tezi, usio kansa. Hupanda pia kukiwa na maambukizi. Tena, kansa nyingine za prostati hukua polepole sana, kiasi kwamba mtu hufa kwa uzee akiwa nazo bila kujua. Kwa kufuata namba peke yake, wanaume wengi wa Ulaya na Marekani walipasuliwa bure, wakabaki wakivuja mkojo au wameharibikiwa nguvu za kiume. Mwaka 2010 Ablin mwenyewe alijitokeza gazetini kulaumu namna kipimo kilivyotumiwa. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa Marekani lilishauri kuacha kukipima kwa watu wote. Mwaka 2018 likalegeza: mwanaume wa miaka 55 hadi 69 azungumze na daktari wake, kisha aamue.

Lakini je, namba hiyo inaweza kutabiri? Jibu zuri lilitoka Malmö, nchini Uswidi. Mwaka 1981, wanaume wa huko waliofikia miaka 60 walitoa damu, ikahifadhiwa katika baridi kali. Miaka mingi baadaye, Andrew Vickers, Hans Lilja na wenzao waliipima damu ya wanaume 1,167 na kuangalia kilichowapata hadi umri wa miaka 85. Matokeo yalitoka mwaka 2010. Asilimia 90 ya waliokufa kwa kansa ya prostati walikuwa wale ambao, wakiwa na miaka 60, PSA yao ilizidi nanogramu 2 kwa mililita. Waliokuwa na 1 au chini yake karibu wote walisalimika. Hata hivyo, wengi waliokuwa juu ya 2 hawakufa kwa ugonjwa huo. Namba ya chini ilileta utulivu. Namba ya juu haikuwa hukumu, ilikuwa sababu ya kufuatiliwa.

Leo maabara kubwa hupima PSA iliyo huru na ile iliyoshikamana na protini nyingine, na huchunguza protini kama Ki-67 na PTEN katika kipande cha tezi, ili kutenganisha kansa kali na ile ya pole.

Shida ni kwamba wale wa Malmö walikuwa Waswidi. Huko Marekani, wanaume wenye asili ya Afrika hufa kwa kansa hii karibu mara mbili kuliko weupe. Karibu zaidi na Kivu, Kampala imeandika wagonjwa wa kansa katika daftari maalum tangu miaka ya 1950, na daftari hilo limeonyesha kansa ya prostati ikiongezeka mwaka hadi mwaka. Kijiji kisichoandika wagonjwa wake hakina hata namba ya kuanzia.

Buleusa, mzee mwenye kansa hii mara nyingi bado anaishi katika mwaka wa 1853. Anaamka mara nyingi usiku kukojoa, anaona haya kusema. Mgongo ukimuuma, anasingizia jembe. Miguu ikipooza, familia inataja karuho, na jirani asiye na kosa anaanza kutazamwa vibaya. Ndiyo maana historia hii ina faida hata pasipo mashine kubwa. Upasuaji wa Huggins wa mwaka 1941 ni mdogo, na hospitali yenye chumba cha kupasulia inaweza kuufanya hata leo. Kipimo cha PSA kinahitaji damu kidogo tu, ambayo huchukuliwa mkononi mjini. Mwanaume aliyefikisha miaka 50, au chini kidogo ikiwa baba au kaka yake aliugua, ana haki ya kumuuliza mganga juu yake. Anayekojoa damu au kuumwa mifupa bila kupona hapaswi kungoja umri wowote.

Na karatasi ya matokeo isitupwe. Watu wa huku wakikimbia vita, hubeba kadi ya uchaguzi ndani ya mfuko wa plastiki. Karatasi hiyo inastahili kukaa mfuko uleule. Namba moja ni swali. Namba ya pili, iliyopimwa baada ya mwaka mmoja na kuwekwa kando ya ile ya kwanza, ndiyo humwonyesha mganga ugonjwa unaelekea wapi.