Mpira wa Amani na Mpunga Pori wa Uttar Pradesh

Mlaji wa kisamvu cha mpira huenda hajui kwamba mti ule ni ndugu wa muhogo, Manihot glaziovii, ulioletwa kutoka Brazil kwa ajili ya utomvu wake. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake wa kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, waliutafutia kazi nyingine. Batobato, inayoenezwa na nzi weupe na pingili zenye ugonjwa, ilikuwa ikikunja majani ya muhogo na kupunguza mavuno. Wakauchavusha muhogo kwa mpira.

Chotara wa kwanza walistahimili ugonjwa, ila mizizi yao haikufaa kitu. Ikabidi wachavushwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, na kila mara wapimwe upya. Uzao wa mara ya tatu ulitoa Kaleso ya Kenya, ambayo Tanzania huitwa Namikonga, inayostahimili ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia. Mbegu nyingine za Amani zilifika Ibadan, Nigeria, na uzao wake ukapandwa Uganda miaka ya 1990, batobato kali ilipokuwa imemaliza mashamba.

Ufilipino njia ilikuwa nyingine. Virusi vya kudumaza mpunga vilipozuka, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, Los Baños, walipima sampuli zaidi ya 6,000 za mpunga kutoka ghala la mbegu. Waliambulia moja tu yenye kinga ya kutegemewa: Oryza nivara, mpunga pori kutoka Uttar Pradesh, India. Kinga hiyo ilibebwa na jeni moja yenye nguvu, hivyo ilihamishika upesi, na mwaka 1976 mbegu ya mpunga ya IR36 yenye kinga hiyo ikatolewa.

Los Baños inanifundisha kutunza hata jani linalodharauliwa: bila ghala lile la mbegu, sampuli ile moja isingepatikana. Hata hivyo, Amani inanigusa zaidi. Ustahimilivu wa mpira dhidi ya batobato hutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, kwa hiyo haukuhamishwa kwa mkupuo. Ulidai subira ya miaka. Tena kuwa mmea wa pori si kinga yenyewe. Tanzania, virusi vya michirizi ya kahawia vimekutwa ndani ya mpira huohuo ulioupa muhogo ustahimilivu.

Basi wewe unayeotesha mpira kwa mboga, uoteshe mbali na shamba la muhogo.