Fahamu Antena Fupi ya Masafa Mapana na Nafasi Yake Katika Mawasiliano ya Bonde la Rukwa

Kata ya Milepa, Wilaya ya Sumbawanga mkoani Rukwa, ipo katika bonde la Ziwa Rukwa, takribani mita 1,000 chini ya nyanda za juu za Ufipa ulipo mji wa Sumbawanga. Kingo za bonde hilo huzuia mawimbi ya redio yanayosafiri kwa mstari ulionyooka. Mnara wa simu unapozimika katika mazingira ya aina hiyo, simu ya upepo inayotumia masafa ya megahezi 3 hadi 30 huwa tegemeo, kwa kuwa mawimbi yake hupanda hadi tabaka la ayonosfia na kurudi ardhini ng'ambo ya mlima.

Tabaka hilo hubadilika kwa saa. Mchana, mawasiliano ya karibu huweza kuhitaji megahezi 7. Usiku hushuka hadi megahezi 3 au 4. Antena ya kawaida ya waya hufaa masafa iliyopimiwa tu, na kwa megahezi 3 huhitaji takribani mita 50. Ikitumika nje ya masafa hayo, sehemu ya nguvu hurudi mtamboni na huweza kuuharibu.

Suluhisho mojawapo ni kuongeza rezista, yaani kifaa cha kukinza umeme. Katika muundo uliochapishwa na G. L. Countryman wa Marekani mwaka 1949, nyaya mbili sambamba huunganishwa ncha kwa ncha. Waya mmoja hupokea nguvu ya mtambo, na mwingine hubeba rezista katikati. Nishati ambayo ingerudi hugeuzwa kuwa joto. Kwa kuanzia megahezi 3, antena hiyo huwa na urefu wa takribani mita 33, nafasi ya mita 1 kati ya nyaya, na huhudumia masafa hadi mara nne au zaidi ya hayo.

Mwaka 1965, T. T. Wu na R. W. P. King wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kuwa ukinzani ukisambazwa kwenye antena na kuongezeka kuelekea nchani, mwangwi wa mawimbi huzuiwa. Kanuni hiyo hutumika katika rada za kuchunguza ardhini.

Unafuu huo una gharama. Katika masafa ya chini kabisa, zaidi ya nusu ya nguvu huweza kupotea. Hivyo antena haipaswi kufupishwa kupita kiasi. Rezista nayo ihimili angalau theluthi moja ya nguvu ya mtambo, la sivyo huungua na mtambo kukosa kinga.

Matumizi ya masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).