Madoa ya Jua na Mizani ya Mtume

Alkhamisi ya tarehe 1 Septemba 2016, karibu na saa sita mchana, jua lilipatwa, na pete ya moto ikaonekana kusini mwa Tanzania. Mandawa ya Ruangwa haikuwa mbali na njia ya pete hiyo.

Siku kama hizo hapakosi mtabiri wa nuksi. Lakini alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa, na watu wakasema ni kwa ajili ya mtoto huyo. Mtume, pamoja na msiba wake, akakataza: jua halipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu.

Jua, hata hivyo, lina weusi mwingine usioletwa na mwezi. Imepokewa kwamba mwaka 225 Hijria (840) lilionekana doa juani kwa siku 91, na mwanachuoni Al-Kindi wa Baghdad akalidhania kuwa ni sayari ya Zuhura. Leo twajua Zuhura hupita mbele ya jua kwa saa chache tu. Dhana ilikosea, lakini khabari ilihifadhiwa, na iliyohifadhiwa husahihishwa.

Mwaka 1908 George Ellery Hale, huko Mount Wilson, Marekani, alichunguza nuru ya madoa akakuta yana sumaku, yenye nguvu mara elfu kadhaa kupita ile igeuzayo sindano ya dira ya jahazi. Mwaka 1909 John Evershed, huko Kodaikanal, Bara Hindi, akagundua kwamba kandoni mwa doa hewa ya jua hutiririka kwenda nje.

Hewa hiyo ya moto, iliyojaa umeme, huitwa plazma. Huchemka kama uji chunguni: ya moto hupanda, iliyopoa hushuka. Mwendo wake huikokota sumaku na kuisokota. Nayo sumaku ikikusanyika kwa nguvu huizuia plazma isichemke. Hapo joto la chini hupanda kwa shida, doa likabaki na digrii 4,000 hivi, na jirani zake 5,500. Basi doa si jeusi. Lingekuwa peke yake lingeng'aa.

Mwanao akikuuliza juu ya weusi wa jua, usimtie hofu ya nuksi. Mwonye asilitazame kwa macho matupu, msimamishe katika sala ya kupatwa, kisha mpeleke akasome. Aliyekataa hata msiba wa mwanawe usizuliwe uongo ametuachia mizani, tuishike.