Kuvunja Rangi Bila Oksijeni

Neno "rangi" limebeba mizigo miwili: wekundu wa nyanya zinazopangwa kando ya barabara kuu pale Ilula, na ule unga unaouzwa dukani kwa ajili ya ukili na vitambaa. Kwenye mazungumzo haidhuru. Kwa anayeshughulika na majitaka inadhuru, maana akiambiwa rangi imeondoka hajui kama umeondoka wekundu tu au unga wenyewe. Basi unga huo nitauita "dawa ya rangi".

"Mmeng'enyo bila oksijeni", njia ya kuivunja dawa hiyo kwa bakteria, nao una majina yanayoshindana. Wapo wanaosema "bila hewa", na fundi wa bayogesi atawaelewa. Ila tangi la samadi limejaa gesi. Kinachokosekana humo ni oksijeni. "Anaerobiki" haina kosa, lakini haimwambii mkulima kitu.

Dawa nyingi za rangi za viwandani ni za jamii ya azo: atomu mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na ndicho hasa kinachozipa rangi. Mojawapo ni nyekundu ya Kongo, iliyobuniwa Ujerumani na kuanza kuuzwa katika zama za Mkutano wa Berlin wa 1884–85. Ya Kongo ni jina tu. Bakteria wakila wanga au sukari hubaki na elektroni za kutoa. Oksijeni ikiwepo, huipa hiyo kwanza. Isipokuwepo, kifungo cha azo huzipokea na kukatika, maji mekundu yakawa meupe. Hata sukari ya nyanya zinazooza Ilula bei inapoporomoka ingeweza kuwa chakula chao.

Wengi hushangilia hapo, mapema mno. Vipande vinavyobaki ni amini, hazionekani kwa macho, na baadhi ni hatari kuliko dawa iliyozizaa: nyekundu ya Kongo ikikatika hutoa benzidini, ambayo husababisha saratani. Nyingi hazivunjiki zaidi humo tangini. Ndiyo maana maji hupelekwa kwenye bwawa la pili linalopulizwa hewa, ambako bakteria wengine huzimeng'enya, ingawa si zote.

Tena si kila dawa ya rangi ni azo. Mafundi wa batiki wanaotumia kostiki soda na haidrosi wanajua jambo hili kwa mikono yao: kitambaa hutoka kwenye beseni kikiwa na rangi nyingine kabisa, kikikutana na hewa ndipo rangi yake hujitokeza. Indigo huenda hivyo hivyo. Ukiinyima oksijeni umeificha, hujaivunja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ningeiita "ukataji wa azo", na "usafishaji" nikauweka akiba hadi amini zishughulikiwe. Ilula ni mji wa nyanya na vitunguu, si wa viwanda vya nguo. Lakini katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, ambako viwanda na bustani za mchicha vimetumia mto mmoja kwa miaka mingi, mpimaji anayeridhika na chupa ya maji meupe hajapima kitu.