Mashine ya kamari

Mashine ya kamari ni chombo cha kuchezea kamari kwa fedha, ambacho mfano wake mashuhuri, Liberty Bell wenye magurudumu matatu, uliundwa na fundi Charles Fey huko San Francisco, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Siku hizi matokeo huamuliwa na programu ya kompyuta izalishayo nambari za nasibu bila kukoma. Mchezaji abonyezapo kitufe nambari huchukuliwa papo hapo, na mzunguko autazamao ni maonyesho tu ya hukumu iliyokwisha kupita. Hataza ya mvumbuzi Inge Telnaes ya mwaka 1984 iliwezesha alama moja ya gurudumu kupewa nambari nyingi au chache, hata zawadi kubwa ikawa adimu kuliko macho yadhaniavyo, jambo ambalo kila mchezaji anastahiki kulijua. Ama ulinzi wa kumbi za kamari zenye mashine hizi, huko Las Vegas wachunguzi waliowachungulia wachezaji kupitia vioo vya darini nafasi yao imeshikwa na kamera.