Intaneti inayosuasua: tatizo liko nyumbani au safarini?

Familia nyingi za Waafrika Mashariki nchini Marekani hulipia intaneti inayotangazwa kuwa ya kasi kubwa, lakini sauti za jamaa zao walioko Goma, Bujumbura au Mombasa huwafikia zikiwa zimechelewa na kukatikakatika. Kabla ya kununua kifurushi cha bei ya juu zaidi, yafaa kujua ni wapi hasa mawasiliano yanapokwama.

Katika kitongoji cha Newburg mjini Louisville, jimbo la Kentucky, kama ilivyo mjini Columbus, Ohio, na Buffalo katika jimbo la New York, wamo wazungumzaji wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na nchi nyingine za ukanda huo.

Kwao intaneti si anasa. Ndiyo njia ya kazi za shule za watoto, miadi ya daktari kwa video, na habari za nyumbani. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, jamaa waliokuwa ng'ambo walikesha na simu mikononi wakisubiri kusikia neno moja tu: tuko salama.

Suala la gharama nalo limekuwa zito. Mpango wa ruzuku wa serikali ya Marekani uliojulikana kwa kifupi kama ACP, uliozipunguzia kaya zaidi ya milioni 23 ada ya intaneti kwa hadi dola 30 kwa mwezi, ulimalizika Juni 1, 2024 baada ya fedha zake kwisha.

Kasi si sawa na ucheleweshaji

Makosa mengi huanzia katika kuchanganya mambo mawili. Kasi ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, nayo hupimwa kwa megabiti. Ucheleweshaji ni muda ambao ujumbe mdogo hutumia kwenda na kurudi, nao hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu moja za sekunde.

Barabara yaweza kuwa pana kiasi cha kupitisha malori kumi kwa pamoja, lakini upana huo haupunguzi umbali wa safari.

Simu ya video huhitaji megabiti chache tu kwa sekunde. Kwa hiyo mwenye kifurushi cha megabiti 100 anayehamia cha megabiti 500 anaweza kulipa zaidi bila kusikia tofauti yoyote katika mazungumzo yake.

Kupima kwanza

Hatua ya kwanza ni kupima. Tovuti za kupimia kasi, kama vile Speedtest, hutoa takwimu tatu: kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na ucheleweshaji ambao huitwa pingi.

Kipimo cha kuaminika hufanywa kwa kompyuta iliyounganishwa kwa waya moja kwa moja na ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani, huku vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Kisha kipimo hicho hurudiwa kwa Wi-Fi katika chumba ambamo simu hupigwa. Vyote viwili vifanywe asubuhi na usiku kwa siku kadhaa, na matokeo yaandikwe.

Matokeo hayo ndiyo yanayoonyesha penye kasoro. Ikiwa waya una kasi nzuri na Wi-Fi ni mbovu, tatizo limo ndani ya nyumba. Ikiwa hata waya ni mbovu saa zote, huenda kasoro ni ya laini au modemu. Ikiwa waya huharibika usiku pekee, yamkini njia ya mtaa mzima imejaa. Na ikiwa vipimo vyote ni vizuri lakini simu ya Goma peke yake inakwama, chanzo kiko mbali na Marekani.

Ndani ya nyumba

Ruta iliyofichwa kabatini au nyuma ya televisheni haiwezi kuhudumia nyumba nzima. Inafaa iwekwe mahali pa wazi, katikati ya nyumba na juu kidogo.

Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, lakini hugongana na ya majirani na hata ya jiko la maikrowevu. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila hayafiki mbali. Anayezungumza karibu na ruta atumie ya pili.

Tatizo jingine ni foleni. Mtoto akipandisha video, au simu ikihifadhi picha mtandaoni, njia ya kupakia hujaa na sauti ya mazungumzo hulazimika kusubiri nyuma ya mafaili hayo. Intaneti inayopita katika nyaya za televisheni mara nyingi huwa na njia ya kupakia iliyo nyembamba mno kuliko ya kupakua. Kusimamisha upakiaji wakati wa simu ni tiba isiyogharimu chochote. Baadhi ya ruta pia zina mpangilio wa kuipa sauti kipaumbele.

Kuikabili kampuni

Mteja mwenye vipimo vilivyoandikwa, pamoja na tarehe na saa, huwa na nguvu zaidi anapoilalamikia kampuni. Tangu Aprili 2024, kampuni kubwa za intaneti Marekani zimetakiwa kuonyesha bei, kasi na ucheleweshaji wa kawaida wa kila kifurushi katika lebo maalumu. Vipimo vya nyumbani vilinganishwe na lebo hiyo.

Kampuni isipochukua hatua, malalamiko yanaweza kupelekwa bila malipo kwa Tume ya Mawasiliano ya taifa, FCC. Yakishafikishwa kwa kampuni, nayo hupewa siku 30 kujibu kwa maandishi.

Kwa wenye kipato kidogo, mpango wa Lifeline hupunguza ada kwa hadi dola 9.25 kwa mwezi.

Safari ndefu ya sauti

Kuna kizuizi ambacho hakuna fundi awezaye kukiondoa. Louisville na Goma zimetengana kwa zaidi ya kilomita 12,000, na mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata kama waya ungenyooka, kwenda na kurudi kungechukua milisekunde 120.

Lakini waya haunyooki. Njia mojawapo huvuka Atlantiki hadi Ulaya, hupita Misri na Bahari ya Shamu, hufika Mombasa, kisha hukata nchi kavu kuelekea Maziwa Makuu. Milisekunde 200 au zaidi katika safari hiyo si ajabu.

Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo umbali wa karibu kilomita 36,000 angani, ambazo ucheleweshaji wake ulizidi nusu sekunde. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka huo, na wa EASSy ukafuata mwaka 2010.

Hata hivyo mikongo nayo hukatika. Februari 2024, SEACOM ilikuwa miongoni mwa mikongo iliyoharibika katika Bahari ya Shamu. Mei 12 mwaka huo huo, EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani.

Siku kama hizo, ni bora kuzima picha na kubaki na sauti, au kutumiana ujumbe wa sauti uliorekodiwa. Saa nazo huchangia: saa moja asubuhi mjini Louisville, kabla mitandao ya Marekani haijajaa, huwa ni saa saba au saa nane mchana mjini Goma, kutegemea majira.

Aliyekwisha kupima, akaisogeza ruta na kuondoa foleni, huwa amemaliza yaliyo ndani ya uwezo wake. Ucheleweshaji unaobaki ni wa umbali, na kifurushi kikubwa zaidi hakiwezi kuufupisha.