Ukomo wa Abiria

Ukomo wa abiria ni idadi ya juu ya wasafiri ambao wapangaji wa mji wanauruhusu uwanja wa ndege kuwahudumia kwa mwaka. Uwanja ukishaifikia, hauongezi watu hata kama ndege zipo, mpaka upate kibali kipya. London City, uwanja uliozungukwa na makazi ya watu, ulikuwa na ukomo wa milioni 6.5. Halmashauri ya Newham, ulipo uwanja huo, ilikataa kuupandisha mwaka 2023. Agosti 2024 serikali kuu iliruhusu ufike milioni 9, ila ikakataa kuongeza safari za Jumamosi alasiri, majirani wapate kupumzika.

Wako wanaoandika "uwezo wa uwanja", na hapo maana hupotea. Uwezo hupimwa na mhandisi: urefu wa njia ya kurukia, maegesho ya ndege, ukubwa wa jengo. Ukomo huwekwa kwa ajili ya jirani. "Kiwango cha juu" nacho hakielezi kama ni kilichofikiwa au kilichoruhusiwa. Ukomo ni neno lililokwisha kuzoea kazi hii: Tanzania husema ukomo wa bajeti, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji wa huko, hutangaza bei kikomo za mafuta. Ukilisikia, unajua kuna aliyeuweka, na kwamba anaweza kuulizwa.

Hapa Lamu, pwani ya Kenya, tunalihitaji sana neno hili. Abiria akishuka kwenye uwanja wa kisiwa cha Manda bado hajafika mjini. Mizigo hupelekwa gatini, naye hupanda boti kuvuka hadi Amu, yaani mji wa Lamu, au Shela. Mpango wa LAPSSET, wa bandari ya Lamu na njia za uchukuzi kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, uliozinduliwa Machi 2012, unataka pia uwanja wa kimataifa na mji wa kitalii, na gati la kwanza la bandari lilianza kazi Mei 2021. Njia ya kurukia hurefushwa kwa fedha. Lakini maji ya Amu hutoka visimani, chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na hutegemea mvua. Mji wenyewe, ulio Urithi wa Dunia tangu 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Mhandisi hana kipimo cha hayo.

Basi mpango wowote wa kupanua uwanja uandikiwe nambari mbili, uwezo na ukomo, na hiyo ya pili ijadiliwe na watu wa Amu, Shela na Manda kabla mkandarasi hajapewa kazi.